Haki ya Aliye Tumboni: Je, Haya Peke Yake Yatosha?

Katika darsa moja ya baina ya Magharibi na Isha, baba mmoja wa hapa Kinakomba alisubiri mpaka watu wakapungua, kisha akatoa swali ambalo tumeona yafaa lijibiwe kwa maandishi, lisije likaishia mkekani. Alisema: "Shehe, binti yangu ameolewa Mombasa, na sasa ana mimba ya miezi mitano. Tumepata habari kuwa avuta shisha na wenzake nyakati za jioni, na sigara awapo peke yake. Mama yake hakupata kuvuta. Bibi yake hakupata kuvuta. Huyu ameyatoa wapi? Na mtoto akidhurika, dhambi ni ya nani?"

Maswali haya ni mawili, wala si mepesi. La kwanza lauliza sababu, na la pili lauliza haki. Wengi wetu tungelijibu la kwanza mara moja: ni mji, ni marafiki wabaya, ni zama zilivyogeuka. Na la pili tungelijibu upesi zaidi: dhambi ni yake mwanamke. Sisi twaona majibu yote mawili yamepungua, na huenda upungufu huo ndio uliotufikisha hapa tulipo. Twamwomba msomaji avumilie twende naye hatua kwa hatua.

Aliye tumboni ana haki gani?

Yuko asemaye: mwili ni wa mwanamke, na pumzi ni yake, basi yeye ndiye ajuaye la kufanya. Neno hili lina sehemu ya kweli, kwani hakuna mtu awezaye kumbebea mwenzake mimba. Lakini lingekuwa kweli kamili lau kama tumboni mngekuwa hamna mtu mwingine. Na sheria yetu imekwisha kumhesabu huyo mwingine kabla hajatoka duniani.

Tazama mirathi. Mtu akifa akamwacha mkewe na mimba, fungu la aliye tumboni huwekwa, wala warithi hawana ruhusa ya kuligawa mpaka ajulikane amezaliwa hai au hakuzaliwa. Tazama diya. Aliyempiga mwanamke mjamzito hata mimba ikatoka, hakuambiwa kuwa amemdhuru mama tu; amewajibishwa malipo mbali kwa ajili ya mtoto, nayo wanazuoni wameyakadiria kuwa ni sehemu moja katika 10 ya diya ya mama, yaani ngamia 5. Tazama adhabu. Mwanamke wa kabila la Ghamid alipomjia Mtume (S.A.W.) kukiri kosa lake naye ana mimba, hakuadhibiwa, alirudishwa mpaka azae, kisha mpaka mtoto aachishwe ziwa na aweze kula chakula. Hukumu yenyewe ilisimama ikamngoja mtoto.

Kisha tazama saumu, kwani hapa ndipo penye hoja kubwa. Kufunga Ramadhani ni nguzo katika nguzo za dini. Hata hivyo mwanamke mwenye mimba akimkhofia mtoto wake, ameruhusiwa kula mchana, na katika madhehebu yetu ya Shafi atalipa siku zake na kutoa kibaba kwa kila siku. Basi zingatia: ikiwa nguzo ya dini yaondoshwa kwa muda kwa ajili ya aliye tumboni, yawezekanaje starehe isiondoshwe? Ikiwa mama amepewa ruhusa ya kuacha ibada ili mtoto asidhurike, atapewa na nani ruhusa ya kuendelea na moshi ili mtoto adhurike?

Khitilafu ya wanazuoni na madhara yenyewe

Huenda mtu akatwambia kuwa wanazuoni walikhitalifiana juu ya tumbaku tangu zamani. Ni kweli. Tumbaku ni mmea wa Amerika; watu wa Ulaya waliuona huko mwaka 1492, na ilipofika kiasi cha mwaka 1600 ulikwisha kuingia katika miji ya Waislamu. Ibrahim al-Laqani wa Misri aliuharamisha. Ali al-Ujhuri, naye wa Misri na wa zama zilezile, aliuhalalisha. Sultan Murad wa Nne wa Uturuki aliupiga marufuku mwaka 1633 kwa adhabu ya kifo, na kabla ya karne ile kwisha Abdul-Ghani al-Nabulsi wa Damascus akaandika kitabu kizima kuutetea. Karibu na zama zetu, Mufti wa Misri Nasr Farid Wasil alitoa fatwa ya kuuharamisha.

Lakini angalia walikhitalifiana juu ya nini. Hata wale waliohalalisha hawakusema kuwa chenye kudhuru ni halali. Walisema kuwa madhara yake hayakuthibiti, na kwamba yule ambaye kwamdhuru asivute. Ugomvi wao ulikuwa juu ya jambo la kupimwa, na wao hawakuwa na mizani. Leo mizani iko. Basi katika suala la mwanamke mwenye mimba, pande zote mbili zakutana mahali pamoja, na khitilafu ile ya kale haimfai mtu kuwa kimbilio.

Mizani yenyewe ni hii. Mwaka 1957, Winea Simpson wa California alichunguza uzazi katika hospitali akaonyesha kuwa wanawake wavutao huzaa watoto wadogo na wa kabla ya wakati zaidi kuliko wasiovuta. Tangu hapo jambo hilo limepimwa mara nyingi katika nchi nyingi, na jawabu ni lile lile. Mtoto wa mama avutaye hupungua kiasi cha gramu 200. Sababu yake yaeleweka hata kwa asiyesoma udaktari. Mtoto tumboni havuti pumzi kwa pua. Hewa yake humjia kwa damu ya mama kupitia zalio. Nikotini iliyo katika tumbaku huibana mishipa ipitishayo damu hiyo. Na moshi una gesi ya sumu, kaboni monoksidi, ambayo huishika damu mahali ambapo ingeshikwa na hewa safi. Basi mtoto hubanwa mara mbili: damu imjiayo ni kidogo, na hiyo kidogo imepungukiwa na hewa. Wengine huzaliwa kabla ya miezi kutimia. Wengine zalio huachana na mji wa mimba kabla ya wakati. Wengine huzaliwa wamekwisha kufa. Na wengine hufa ghafla usingizini wakiwa wachanga.

Wala asidanganyike mtu kwa maji ya shisha. Maji hupoza moshi, hayauoshi sumu, na makaa yawekwayo juu huongeza ile gesi tuliyoitaja. Serikali ya Kenya iliipiga marufuku shisha mwishoni mwa mwaka 2017. Lakini twajua sote kuwa amri ya serikali haiingii chumbani.

Mama na binti katika nchi ya ugeni

Sasa turudi kwenye swali la kwanza: binti ameyatoa wapi? Jambo hili la mama asiyevuta na binti avutaye limepimwa kwa hesabu kubwa huko Marekani, katika wahamiaji watokao nchi zisemazo Kihispania, kama vile Meksiko. Tumeona tulete khabari zao kwa sababu hali yao yafanana na yetu kuliko idhaniwavyo: ni watu waliotoka mashambani wakaingia mijini, wenye kushika dini yao na heshima ya wazee, na wengi wao ni maskini.

Mwaka 2016, katika kila wanawake 100 waliozaa Marekani, 7 na kidogo walivuta sigara wakiwa na mimba. Kwa wanawake weupe wasio wa asili hiyo walikuwa 10 na nusu. Kwa wenye asili ya nchi za Kihispania hawakufika hata 2: walikuwa 1.8 tu. Tangu mwaka 1986, walipoandika Kyriakos Markides na Jeannine Coreil, wataalamu wamekuwa wakistaajabia jambo hili: watu wenye kipato kidogo, wasio na matibabu ya kutosha, nao watoto wao wachanga huishi na kunenepa kama watoto wa matajiri au karibu yao. Na miongoni mwa sababu zake ni kuwa mama zao hawavuti.

Lakini hesabu ikichambuliwa, yatokea jambo jingine. Mwanamke aliyezaliwa Meksiko akahamia Marekani huvuta kwa uchache sana. Binti yake aliyezaliwa Marekani, aliyesoma huko na kusema Kiingereza kama wenyeji, huvuta zaidi kuliko mama yake. Na wale wa asili ya Puerto Rico, ambao wamekuwa chini ya Marekani tangu mwaka 1898, huvuta wakiwa na mimba zaidi kuliko wa asili ya Meksiko. Binti amepata elimu kuliko mama, amepata fedha kuliko mama, lakini katika jambo hili amepoteza alichokuwa nacho mama.

Amekipotezaje? Mama hakuacha sigara kwa kuwa alijua khabari za zalio na damu. Aliiacha kwa kuwa kijijini kwao mwanamke mwema havuti. Hilo lilimtosha, kwani kijiji kilikuwa kikimtazama, na alipohama alikichukua kijiji moyoni mwake. Binti yake hakukichukua, maana hakukijua. Alirithi katazo bila ya kurithi sababu yake, na katazo lisilo na sababu halivuki safari ya pili.

Haya yetu yalinda nini?

Tukiisha kusema hayo, tusiwacheke watu wa mbali. Kwa uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2014, katika kila wanaume 100 wazima wavutao walikuwa 15.1, na katika wanawake hawakutimia hata mmoja: 0.8. Msomaji atasema: Alhamdulillahi, wanawake wetu wamesalimika. Lakini asome mstari wa pili. Watumiao tumbaku isiyo ya moshi, ya kutafuna na ya kunusa, walikuwa wanaume 5.3 katika 100, na wanawake 3.8. Yaani kwa mwanamke mmoja avutaye, wako zaidi ya wanne wenye kutafuna au kunusa.

Nani asiyewajua katika pwani yetu? Sahani ya tambuu hupitishwa baina ya wanawake katika harusi na katika matanga: jani, popoo, chokaa, katu, na kipande cha tumbaku. Bibi huweka ugoro katika kikopo na kukifunga pembeni mwa leso. Hakuna asemaye kuwa ni aibu. Bali mwenye mimba ataambiwa atie kidogo mdomoni ili kichefuchefu kimtulie. Na tumbaku ni ileile. Uchunguzi uliofanywa Mumbai na kuchapishwa mwaka 2004 ulipima wanawake zaidi ya 1,200 katika mji ambao wanawake hutafuna wala hawavuti. Ukaona kuwa watoto wa wenye kutafuna hupungua uzito kwa wastani wa gramu 105, na huzaliwa mapema zaidi. Moshi haumo, lakini nikotini imo. Na popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, imethibiti kuwa huleta maradhi ya saratani ya kinywa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Lau ada yetu ingalimkataza mwanamke sigara kwa ajili ya mtoto, ingalimkataza na tumbaku ya kutafuna. Lau ingalikataza kwa ajili ya mtoto, ingalimkataza na mumewe kuvuta katika chumba anacholala mwenye mimba. Haikukataza hilo wala hili. Basi yadhihirika kuwa ada haikuwa ikimtazama mtoto hata kidogo. Ilikuwa ikilitazama jicho la jirani. Ilikataza sigara kwa mwanamke kama ilivyokataza asicheke kwa sauti njiani, kwa kuwa si adabu.

Hatusemi kuwa haya ni kitu kibaya. Haya ni katika imani, na imewalinda wengi. Lakini haya ya kuwaonea watu huishi mahali walipo watu. Ukimtoa binti hapa, ambapo kila mlango wamjua, ukampeleka kwenye chumba cha orofa ya tatu Mombasa ambako jirani hamjui jina, umemtoa penye macho ukampeleka pasipo macho. Alichokuwa akikichelea hakipo tena. Na mtoto, ambaye ndiye angestahili kuchelewa, hakupata kutajiwa habari zake.

Moshi wa baba

Tulimwuliza yule baba: "Mzee wangu, na wewe wavuta?" Akasema kuwa avuta, tangu ujana, lakini hakupata kuvuta mbele ya wakwe zake. Tukamwuliza: "Na mbele ya mkeo alipokuwa na mimba ya huyu binti?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hilo hakuna aliyemwambia kuwa ni kosa.

Alisema kweli, na jawabu lake ni lawama juu yetu sisi wasomeshaji kuliko juu yake. Kwa hesabu ile ya mwaka 2014, kwa kila mwanamke mmoja avutaye wako wanaume kiasi cha 19. Basi mtoto wa nchi hii akifikiwa na moshi tumboni, mara nyingi umetoka kinywani mwa baba yake. Moshi wa mwingine nao hupunguza uzito wa mtoto, ingawa si kwa kadiri ya moshi wa mama mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza kuvuta katika mahali pa watu wote. Nyumba imeachiwa wenyewe. Mwanamume aliyemwachia abiria mgeni hewa safi ndani ya matatu kwa kuogopa faini, kisha akaja kuijaza moshi nyumba ya mtoto wake, amemweka mgeni mbele ya damu yake.

Nani mwenye dhambi?

Sasa twaweza kulijibu swali la pili. Mwenye kujua madhara na akaweza kuacha, kisha akaendelea, hana udhuru mbele ya Mola wake. Amemdhuru asiyeweza kusema wala kukimbia. Mwenye kutojua, kosa lake ni jepesi, na lililobaki huwaendea waliojua wakanyamaza. Mume avutaye chumbani ana fungu lake. Wazazi waliomwambia binti "ni aibu" bila ya kumwambia "kuna mtu" wana fungu lao. Na sisi tulio na vitabu, tulioirudia miaka mingi milango ya twahara na hatukupata kuufundisha mlango huu, tuna fungu letu. Dhambi hii haikubebwa na mwanamke peke yake, wala haifai atwikwe peke yake.

Tena, amtwikaye peke yake humdhuru mtoto mara ya pili. Mwanamke aliyeaibishwa huficha. Atakwenda kliniki, ataulizwa na mkunga kama atumia tumbaku, naye atasema la. Na nasaha ambayo ingemfaa haitampata. Nikotini huufunga mwili, si kitu cha kuachwa kwa kukemewa tu. Mwenye kutaka kutoka katika kifungo huhitaji mkono, wala hahitaji kidole cha kumnyooshea.

Na iko bishara katika jambo hili, nasi tulimpa yule baba aende nayo. Wanawake waachao mapema katika mimba huzaa watoto wenye uzito ulio karibu na wa wasiovuta kabisa. Na aachaye katika mwezi wa tano au wa sita bado amemwokolea mtoto sehemu kubwa, maana miezi ya mwisho ndiyo anayonenepa. Mlango wa toba na mlango wa afya hapa ni mlango mmoja, na bado u wazi.

Lifanywe nini?

Kwanza, mimba ya binti iwe ni jambo la kufundishwa kabla ya ndoa, kwa wavulana na kwa wasichana. Somo amfundishe mwari, na mwalimu amfundishe bwana harusi, kuwa aliye tumboni ana haki, na kwamba tumbaku, ya moshi na isiyo ya moshi, ni dhulma juu yake.

Pili, sahani ya tambuu isipewe mwenye mimba. Bibi zetu ni watu wa kuheshimiwa, na waambiwe kwa adabu. Atakayesema kuwa alitafuna na akazaa 10 wote wazima, tumwambie: twamshukuru Mungu, lakini mwenye kuvuka mto wenye mamba akasalimika hakuwafundisha watoto wake kuwa mto hauna mamba. Watu wa Tana walijua hili kabla ya kuambiwa na mtu.

Tatu, mume aanze yeye. Akishindwa kuacha, atoke nje ya nyumba, mbali na dirisha. Na jiko la kuni lisilo na pa kutokea moshi litengenezwe pia, kwani damu ya mtoto haibagui baina ya moshi na moshi.

Nne, na hili latuhusu sisi wa mtoni zaidi ya wengine. Gramu 105 au 200 kwa mwenye hospitali kubwa karibu zaweza kuonekana ni kidogo. Lakini sisi tumeona mafuriko ya 1997, ya 2018, ya 2023 na ya 2024. Twajua barabara ya Hola ikikatika ni siku ngapi, na mwenye uchungu hupakiwa katika mtumbwi. Mtoto aliyezaliwa mdogo katika siku hizo hana mashine ya kumtia joto. Ana kifua cha mama yake tu na uzito aliokuja nao. Gramu zile ndizo akiba yake. Asiye na akiba nyingine apaswa kuilinda hiyo zaidi ya tajiri.

Yule baba alipoondoka alisema atampigia binti yake simu usiku ule. Tulimwusia asianze kwa aibu. Aanze kwa kumwuliza hali yake na hali ya mtoto, kama ambavyo humwulizia mtu aliyepo, kisha amwambie kuwa yeye mwenyewe alikosea zama za mama yake, wala hakujua. Binti akisikia hayo kwa baba yake, huenda akasikia na yaliyobaki.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na vizazi vyetu, walio nje na walio matumboni. Amin.